Kukamua Hewa: Kompresa ya Nyumbani na Mitungi ya Bunduki za Upepo

Mwezi uliopita mdogo wangu aliyeko Nungwi, Zanzibar, alinitumia ujumbe wa sauti. Anafanya kazi na watu wanaopeleka watalii kuzamia, na kompresa ya pale kazini ilikuwa imekufa siku mbili nyuma. Alikuwa ameona kwenye simu mashine ndogo ya kujazia hewa, bei yake haifiki hata robo ya ile ya kazini, na geji yake inafika bar 300 na ushei (bar moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida inayotuzunguka). "Kaka, si ndiyo kama ile yako ya bunduki? Tukiagiza moja si tutajazia mitungi?"

Ile yangu ipo gerejini, hapa Uingereza ninakoishi. Wikiendi huwa napiga shabaha kwa bunduki ya upepo klabuni, na kwa miaka kadhaa sasa najaza hewa mwenyewe nyumbani. Nilimjibu hapana. Lakini "hapana" tupu haimsaidii mtu mwenye mitungi mitupu na wageni wanaosubiri boti, kwa hiyo nikamwahidi kumweleza kinagaubaga. Nilipoanza kueleza nikaona swali lake limebeba mambo ambayo hata wenzangu wa klabuni, walionunua mashine hizi kwa pesa zao, wengi hawajayaelewa. Wanadhani kazi ya kompresa ni kusukuma hewa. Kusukuma ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu, inayofanya mashine moja iuzwe laki kadhaa na nyingine mamilioni, ni kuondoa joto na kuondoa maji.

Kwanza bunduki yenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Kuna za springi, ambazo unakunja mtutu kila unapotaka kupiga, na kuna hizi zinazobeba hewa iliyoshindiliwa tayari kwenye mtungi mdogo chini ya mtutu. Ukivuta kifyatulio, vali inafunguka kwa kitambo kifupi mno, hewa kidogo inatoka na kusukuma kirisasi cha milimita 4.5. Bunduki za namna hii ndizo zinazotumika leo kwenye Olimpiki, katika shindano la mita 10 lililoanza Los Angeles mwaka 1984, ambapo kitovu cha shabaha ni kinukta cha nusu milimita tu. Wazo lenyewe ni la zamani. Kwenye miaka ya 1780 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomäus Girandoni, ambayo kitako chake ndicho kilikuwa mtungi. Kuujaza kwa pampu ya mkono kulihitaji mikupuo kama 1,500. Askari akimaliza kujaza amechoka kuliko aliyetembea siku nzima.

Pampu za mkono bado zipo, na zimeboreshwa sana. Lakini bunduki ya siku hizi inataka bar 200, nyingine 250. Tuzitazame namba hizi kwa karibu. Tairi la gari dogo lina bar 2.2 hivi, ndiyo ile psi 32 ya fundi pancha. Kompresa ya fundi huyo, yenye tangi jekundu na kelele nyingi, inaishia bar 8 au 10. Bar 200 ni mzigo wa kilo 200 na kidogo kwenye kila sentimita ya mraba. Chukua magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia uyasimamishe juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Kila sehemu ya ndani ya mtungi yenye ukubwa wa ukucha huo inabeba magunia hayo mawili, usiku na mchana, na mtungi umelala kimya kabatini.

Hesabu ya ujazo tuliachiwa na Robert Boyle tangu 1662: ukiibana hewa kwenye nusu ya nafasi yake, presha inakuwa maradufu. Mtungi wa bunduki wa sentimita za ujazo 200, yaani kama kikombe cha chai, ukiushusha kutoka bar 200 hadi 100 umetumia lita 20 za hewa ya kawaida, na kuujaza tena ni kurudisha lita hizo 20. Mtungi mkubwa wa lita 7 uliojazwa bar 300 unabeba, kwa hesabu ya Boyle, lita 2,100. Kwa kweli ni kama 1,900, kwa sababu kwenye presha kubwa hivyo hewa huanza kugoma kushindiliwa. Mtungi huo mmoja unaweza kuijaza bunduki yako mara thelathini na kitu kabla haujashuka chini ya bar 200 na kushindwa kuifikisha inapotakiwa. Kwa mtu anayepiga shabaha mara moja kwa wiki, hiyo ni miezi. Ndiyo maana mtu mpya akiniuliza anunue kompresa gani, mara nyingi namwambia asinunue. Anunue mtungi mzuri, aupeleke kujazwa kwenye duka la wazamiaji.

Basi, joto. Kila aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba chini ya pampu panachemka. Hewa ikibanwa haraka inapata moto. Sasa chukua hewa ya nyuzi 20 uibane kwa mkupuo mmoja hadi bar 300, bila kuipa nafasi ya kupoa: hesabu inakupa nyuzi zaidi ya 1,200. Chuma kinakuwa chekundu kabla ya kufika huko, na oili ingekuwa imelipuka zamani. Kwa hiyo mashine hupanda kwa ngazi. Pistoni ya kwanza, nene kama glasi, inabana kidogo, hewa inapita kwenye bomba la kupozea, kisha inaingia kwa pistoni nyembamba zaidi, na hivyo hivyo hadi ya mwisho, ambayo unene wake haupiti sana wa kalamu. Ukigawa kazi kwa pistoni mbili, kila moja inabeba nyuzi karibu 390. Kwa tatu ni kama 230, kwa nne 170 hivi. Mashine halisi hupungukiwa kidogo na namba hizo kwa sababu kuta zake zinapozwa muda wote, lakini mpangilio ndio huo.

Tofauti ya bei inaanzia hapo. Kompresa za wazamiaji huwa na ngazi tatu au nne. Mashine nyingi ndogo za nyumbani zina mbili tu, zinapozwa kwa maji yanayozungushwa kutoka kwenye ndoo. Zinafika bar 300, si uongo, ila kila mara zikifika huko zinafanya kazi ukingoni mwa uwezo wa oili na ringi zake. Ndiyo sababu hazitakiwi kuendeshwa muda mrefu bila kupumzishwa, na ndiyo sababu geji ya joto ndiyo ninayoitazama zaidi kuliko ya presha. Maji yakikaribia nyuzi 60, nazima, nakaa chini.

Joto linajionyesha hata baada ya kuzima. Ukiujaza mtungi haraka unapata moto, na geji inakuonyesha bar 300. Ukirudi asubuhi unakuta 270. Watu hufikiri mtungi unavuja, wanaanza kufungua vali na kubadilisha sili ambazo hazina kosa. Hakuna kilichovuja. Hewa ya nyuzi 50 imeshuka hadi nyuzi 20, na presha imeshuka nayo. Dawa yake ni kujaza polepole, basi.

Maji ni jambo gumu zaidi, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Hewa yote tunayoivuta ina mvuke wa maji. Kiasi cha mvuke ambacho nafasi fulani inaweza kubeba kinategemea joto na ukubwa wa nafasi hiyo, hakitegemei umeshindilia hewa kiasi gani ndani yake. Fikiria nazi iliyokunwa. Ikiwa imetawanyika kwenye sinia huoni tone. Ikusanye kwenye kifumbu uikamue, tui linatiririka. Tui halikuzaliwa ndani ya kifumbu, lilikuwemo kwenye nazi tangu mwanzo. Hewa nayo ni hivyo: ukiibana mara 300, nafasi imepungua mara 300, na maji ambayo hayana tena pa kukaa yanatoka.

Ni maji kiasi gani? Hewa ya Zanzibar, nyuzi 30 na unyevu wa pwani, ina gramu kama 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kuujaza ule mtungi wa lita 7 kunahitaji karibu mita mbili za ujazo. Hiyo ni gramu karibu 50, vijiko vitatu vikubwa vya maji. Na ndani ya mtungi, kwenye lita zake 7, kinachoweza kubaki kama mvuke ni chini ya nusu gramu. Vingine vyote ni maji ya kumwagika, na kama mashine haikuyatoa njiani, yameingia kwenye mtungi. Hapa Uingereza hewa ni ya baridi, maji yanakuwa nusu au pungufu ya hapo, lakini bado yapo.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na kichujio kidogo cha pamba, urefu wake kama kidole. Nilijaza bunduki moja kwa moja, bila mtungi wa katikati, na niliona mambo ni mazuri. Baada ya miezi minane hivi bunduki ilianza kupiga hovyo, shuti moja juu, nyingine chini. Nilipoufungua mtungi wake mdogo nikaona kutu ya rangi ya udongo imeshika ukuta wa ndani, na kwenye kiti cha vali kulikuwa na uji mzito wa oili na maji. Mtungi ule niliutupa. Ulinigharimu zaidi ya kichujio kizuri ambacho niliona ni ghali.

Kosa langu lilikuwa mara mbili. La kwanza ni kichujio. Kichujio cha maana ni bomba nene la chuma lenye vyumba: hewa inaingia na kupunguza kasi, matone yanaanguka chini, kisha inapita kwenye punje za kunyonya unyevu na mkaa maalumu wa kunasa mvuke wa oili. Mwishoni mwake kuna vali inayokataa kupitisha chochote hadi presha ndani ya kichujio ifike, tuseme, bar 150. Vali hiyo wengi wanaidharau kwa sababu haionekani inafanya nini. Inahakikisha hewa inakamuliwa kabla ya kugusa zile punje, badala ya kukamuliwa ndani ya bunduki yako. Bila hiyo, punje zinalowa mapema na zinaisha kazi ndani ya muda mfupi.

Kosa la pili ni kujaza bunduki moja kwa moja. Mtungi wake, kile kikombe cha chai, unajaa chini ya dakika moja. Mashine haijapata muda wa kutulia, hewa ni ya moto, na presha inapanda kwa kasi ambayo mkono hauwahi kuzima. Kinachofaa ni mashine ijaze mtungi mkubwa polepole, mtungi upoe, maji yaliyopenya yatulie chini yake, kisha mtungi ndio uijaze bunduki.

Jioni ya kujaza inakwenda hivi. Naweka ndoo ya maji na chupa mbili za barafu ndani yake. Naangalia oili kwenye kidirisha chake. Nafungua koki zote za kutolea hewa, nawasha, naiacha mashine iende dakika moja bila mzigo ili oili isambae. Nafunga koki, geji inaanza kupanda. Mtungi siufungui mpaka presha ya kwenye mpira wa kujazia ilingane na iliyomo ndani ya mtungi, la sivyo mtungi unairudishia mashine hewa kwa kishindo. Kila baada ya dakika tano nafungua koki ya maji. Inatema chaaa! na mpira wake nimeuelekeza kwenye kopo lenye kitambaa cheupe. Kitambaa kinatoka na rangi ya chai ya maziwa, kina harufu ya oili ya moto. Siku ya mvua kopo linajaa haraka, siku ya baridi kavu linapata unyevu tu. Mashine yangu inatoa kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo kuutoa mtungi wa lita 7 kutoka bar 200 hadi 300 kunachukua zaidi ya robo saa. Sitoki gerejini. Ina swichi ya kujizima, lakini swichi ni chuma na waya, na nimeshuhudia ya mwenzangu ikikwama.

Kuna mambo ambayo sileti mjadala juu yake. Mtungi wa lita 7 wenye bar 300, ukipasuka, unaachia nguvu inayolingana na ya gari la tani moja lililogongwa ukutani kwa kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo mtungi ambao tarehe yake ya kupimwa imepita haujazwi, hata kama mwenyewe ni rafiki na anakuhakikishia kwamba ni mzima. Hapa Uingereza mitungi ya kazi hii hupimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka 5, na tarehe hugongwa begani mwa mtungi. Kwenye mashindano ya kimataifa, mtungi mdogo wa bunduki ukipita miaka 10 haukubaliki. Sili hupakwa grisi ya silikoni tu. Grisi ya gari, mafuta ya kula, mafuta ya cherehani, vyote hivyo ndani ya presha kubwa vinaweza kuwaka vyenyewe kama dizeli kwenye injini. Oksijeni ya hospitali au ya kuchomelea haiingii kwenye bunduki kabisa, kwa sababu hiyohiyo, na mara nyingi zaidi. Mpira hauchomolewi kabla hewa yake haijaachiwa. Na panapovuja hapazibwi kwa kidole, kwani hewa ya presha hiyo inapenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Mwingine atauliza: nikiijaza bunduki kupita kiasi haitapiga kwa nguvu zaidi? Haitapiga. Vali ya bunduki hufunguliwa na nyundo ndogo inayosukumwa na springi, na hewa iliyo nyuma ya vali ndiyo inayoifunga. Ukiongeza presha, nyundo inashindwa kuifungua vizuri, na shuti linatoka dhaifu. Ikizidi zaidi, halitoki. Isitoshe, nguvu yenyewe ina mpaka wa kisheria. Uingereza bunduki ndefu ya upepo ikivuka futi-pauni 12, karibu joule 16, inahesabiwa silaha ya kuombewa kibali polisi, na Scotland tangu mwisho wa 2016 hata zilizo chini ya hapo zinataka leseni. Anayetaka kuagiza Afrika Mashariki aulize polisi wa kwao kabla ya kulipa, kwa sababu sheria za huku hazimlindi kule.

Sasa nirudi Nungwi. Mdogo wangu alikuwa sahihi kwamba presha inatosha. Mtungi wa kuzamia unataka bar 200 tu, chini ya uwezo wa mashine yangu. Kinachokataza ni kile kinachoingia pamoja na hewa. Oili ya kompresa ikipata moto kupita kiasi huungua kidogo kidogo, na moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Kitambaa cheupe hakiionyeshi, na mkaa wa kichujio changu haunasi gesi hiyo. Bunduki haijali. Kirisasi kinasukumwa vilevile, hewa iwe safi au chafu. Mapafu yanajali.

Na chini ya maji hali inazidi kuwa mbaya. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia kinaruhusu kaboni monoksidi sehemu 5 tu katika milioni, na oili nusu miligramu kwa mita ya ujazo. Mzamiaji akifika mita 30, presha inayomzunguka ni bar 4. Kila pumzi inambebea gesi mara nne ya ile ambayo angeivuta juu kutoka mtungi uleule. Anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, na yuko mita 30 kutoka kwenye boti. Kompresa ya kazini kwake ina ngazi zaidi ili isipate moto, ina oili inayoruhusiwa kwa hewa ya kupumua, ina mrija wa kuvutia hewa uliowekwa mbali na moshi wa jenereta, na ina kichujio ambacho hubadilishwa kwa kuhesabu saa. Hivyo ndivyo vinavyolipiwa kwenye bei ile.

Nilimwambia wapeleke mitungi kwa majirani wenye mashine nzima mpaka yao itengenezwe, hata kama italazimu kulipa kwa kila mtungi na kupakia kwenye pikapu alfajiri. Wakafanya hivyo kwa siku sita. Siku ya saba akanitumia picha mbili: ya kwanza ni kompresa imefungwa tena, inang'aa, na ya pili ni ukurasa wa daftari la saa za kichujio, na kidole chake kimeonyesha mstari wa mwisho, ulioandikwa miezi mingi nyuma. Chini ya picha aliandika: "Kaka, kipimo cha hiyo kaboni monoksidi kinauzwa wapi?"